Injini Kubwa katika Gari la Kale

Nguvu ni kitu kinachotamaniwa na kila mtu. Mtoto hutamani nguvu za baba yake, mgonjwa hutamani nguvu alizokuwa nazo jana, na mzee hutamani nguvu alizozitumia ovyo katika ujana wake. Lakini ni wachache wanaojiuliza, kabla ya kuipata nguvu, kama kifua chao kitaweza kuibeba. Swali hili si la wanadamu peke yao. Huulizwa pia katika gereji, mbele ya gari lililofunguliwa boneti, na huko jibu lake haliwezi kufunikwa kwa maneno mazuri, kwa sababu chuma hakijui kuona haya wala kuficha aibu ya mtu.

Mji wa Songea, uliochukua jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 baada ya Vita vya Majimaji, una gereji nyingi za namna hiyo. Nyingine zina paa la mabati, na nyingine zina paa la matawi ya mwembe tu. Gari lisilopona mjini humo halina pa karibu pa kupelekwa: Makambako ni mwendo wa karibu kilomita 300 upande wa kaskazini, na njia ya kwenda huko hupita milima ya Lukumburu, ambayo madereva huitaja kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mafundi wa Songea wamezoea kutokutupa kitu. Ekseli ya gari lililokufa huwa mguu wa gari linaloishi, na rejeta ya moja hupoza moto wa jingine.

Katika gereji moja ya mji huo liliingia, mwezi wa Mei mwaka 2008, gari la wazi nyuma, Land Rover 109 ya mwaka 1968, likivutwa kwa mnyororo na trekta. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu kutoka kijiji cha milimani, upande wa Mbinga. Alikuwa amelinunua katika mnada mwaka 1986, akalitumia miaka ishirini na miwili kubeba kahawa, mahindi, mbolea, mabati, maharusi na maiti.

Wengi hulitaja gari hilo kwa tarakimu zake bila ya kujua maana yake. Mia moja na tisa ni inchi zilizopo baina ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma, nazo ni karibu sentimita 277. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, chuma cha pua kilikuwa adimu katika Uingereza, na waundaji wakaamua kulivika gari lao ngozi ya alumini juu ya mifupa ya chuma. Uamuzi uliotokana na uhaba umekuwa neema kwa walionunua baadaye, kwani alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo sababu mtu huweza kuliona gari la miaka arobaini likiwa na mwili mzima, ijapokuwa moyo wake umechoka.

Moyo wa gari la Mwalimu ulikuwa injini ya dizeli yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Ilipokuwa mpya kabisa ilitoa nguvu za farasi 62. Nguvu hizo zilipimwa katika nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Songea ipo juu ya mita 1,000, na vilele vya nchi ya Wamatengo hukaribia mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo farasi wale 62 hawakufika wote Mbinga: baadhi yao walizeeka, baadhi walikata pumzi njiani, na waliobaki walivuta kwa taabu.

Taabu hiyo Mwalimu aliivumilia miaka mingi kama mtu avumiliavyo maumivu ya goti. Alikuwa na desturi ya kusema kwamba gari lake halimkawishi mtu asiye na haraka. Lakini usiku mmoja wa Machi mwaka ule haraka ilikuja mlangoni kwake. Mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa uzazi kabla ya siku zake, na mkunga wa kijiji aliagiza apelekwe hospitali upesi. Barabara ya Mbinga ilikuwa bado haijatiwa lami, na njia za vijijini zilikuwa matope matupu. Walitandika godoro nyuma, wakafunga turubai juu, wakaondoka. Katika mlima wa tatu gari lilipunguza mwendo, likatetemeka, likasimama. Lilijaribiwa kwa gia ya kwanza, likajaribiwa tena baada ya watu kushuka na kusukuma, likapanda hatua chache na kusimama tena. Mtoto alizaliwa chini ya turubai, mvua ikinyesha, na hakulia. Mama alipona. Walipofika hospitali, kulipopambazuka, waliambiwa kwa upole kwamba pengine saa mbili zingalitosha kubadili mambo.

Neno "pengine" ni dogo, lakini hakuna mzigo mzito zaidi yake katika lugha ya mwanadamu. Mwalimu alirudi nyumbani nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Hakumlaumu mkunga, wala mvua, wala Serikali. Alililaumu gari. Aliuza ng'ombe wawili, akaongeza fedha za kahawa ya mwaka uliopita, akanunua injini iliyotolewa katika Toyota Land Cruiser iliyokuwa imepinduka.

Injini hiyo ilikuwa ya namna ile wanayoiita 1HZ, ambayo Toyota walianza kuitia katika magari yao mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita 4,164, na nguvu zake hukaribia farasi 130. Haina haraka ya kupaa mwendo, wala haina mashine ya kusukumiwa hewa. Sifa yake ni uvumilivu, na ndiyo maana imependwa sana katika Afrika ya Mashariki. Mtu aliyeizoea injini ya kwanza akiisikia ya pili hudhani amehama kutoka katika minong'ono akaingia katika hotuba.

Fundi mwenye gereji alikuwa amejifunza kazi yake Peramiho, mahali ambapo Wabenedikti waliweka misheni mwaka 1898 na baadaye karakana za kufundishia vijana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwamkia mgeni wake, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa, akaizunguka injini ile iliyolala juu ya matairi mawili, akaipima urefu kwa kamba, akapima na nafasi iliyokuwa chini ya boneti. Kisha akauliza: "Mwalimu, umebakiwa na fedha kiasi gani?"

Mwalimu alijibu kwamba injini imekwisha lipiwa, na kilichobaki ni ujira wa kuifunga.

"Injini ni nusu ya bei," Fundi alisema. "Nusu ya pili ni kulifanya gari liistahimili."

Maneno hayo hayakumpendeza Mwalimu. Msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia, na katika miezi ya Juni hata Septemba ndipo gari lake lilipomlipa. Tena, mtu aliyeumizwa na udhaifu hapendi kusikia hatari za nguvu. Alidhani Fundi anatafuta njia ya kumwongezea gharama, na dhana hiyo hakuificha sana.

Hapa yafaa kusema neno juu ya waundaji wenyewe, kwa kuwa wazo la kutia injini kubwa katika gari hili halikuzaliwa chini ya miembe ya Songea. Tangu mwaka 1967 kiwanda kilichoiunda 109 kilianza kuiuza pia ikiwa na injini ya petroli ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita 2,625. Mwaka 1979 kikaenda mbali zaidi, kikatia injini ya silinda nane yenye ujazo wa sentimita 3,528, ile ile iliyokuwa ikitumika katika Range Rover tangu mwaka 1970. Ili ipate nafasi, uso wa gari ulisogezwa mbele mpaka ukalingana na taa, na giaboksi ikabadilishwa. Lakini jambo la kuangaliwa ni hili: katika Range Rover injini hiyo ilitoa zaidi ya farasi 130, na katika 109 waundaji waliizuia isipite farasi 91. Walikuwa na nguvu mkononi, wakaacha sehemu yake bila ya kuitumia. Huko Australia nako, miaka michache baadaye, Land Rover ziliuzwa zikiwa na injini za dizeli za Isuzu zenye ujazo wa karibu lita 3.9, nazo zilipewa viungo vya kuzifaa. Mwenye kiwanda, aliye na wahandisi na fedha, hakutia injini kubwa na kuacha mengine kama yalivyokuwa. Vipi mtu wa gereji athubutu?

Sababu za tahadhari hiyo zaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Nguvu itokayo katika injini haiendi moja kwa moja barabarani. Hupita katika klachi, ikaingia katika giaboksi, ikafuata propela, ikafika katika difu, kisha ikagawanywa kwa vyuma viwili vyembamba vinavyozungusha magurudumu ya nyuma. Mnyororo huu, kama minyororo yote, una kiungo kimoja kilicho dhaifu kuliko vingine, na katika 109 za miaka ile kiungo hicho kilikuwa vyuma hivyo vya mwisho, ambavyo vilijulikana kwa kukatika hata chini ya injini ya kiwandani. Ukiongeza nguvu mwanzo wa mnyororo bila ya kuimarisha mwisho wake, hukuliongezea gari mwendo; umeliongezea siku za kulala njiani.

Tena, injini kubwa hutoa joto kubwa, na rejeta ndogo huchemka juu yake kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ni nzito vilevile, na uzito wake hulala juu ya springi za mbele ambazo hazikuandaliwa kwa ajili yake. Lakini haya yote ni madogo mbele ya breki. Wanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya kuusimamisha huzidi mara nne. Breki za gari lile zilikuwa za drumu kwa magurudumu yote, zikisukumwa kwa mguu wa dereva peke yake bila ya msaada wa chombo chochote. Zililitosha gari lililopanda milima kwa kunung'unika na kushuka kwa adabu. Hazikulitosha gari litakaloshuka likiwa na tani moja ya kahawa mgongoni na dereva aliyelewa furaha ya nguvu mpya.

Fundi aliyajua hayo yote, lakini hakuyasema kwa namna hiyo. Mwalimu alipomwambia, kwa ukali kidogo, afunge injini na kumwachia mengine Mungu, Fundi aliweka spana chini, akakaa juu ya kigogo, akasimulia habari ambayo wanagenzi wake hawakuwahi kuisikia.

Mwaka 1994, alisema, alikuwa kijana, na sifa zilimpanda kichwani. Aliletewa lori la kale lenye injini iliyochoka, akalitia injini kubwa kwa siku nne, na watu wakamshangilia. Mwenye lori hakuwa na fedha za breki, naye hakumsihi. Mdogo wake wa tumbo moja alipata kazi katika lori hilo hilo, akawa utingo. Wiki ya tatu walikuwa wanashuka Lukumburu na magunia ya mahindi. Dereva, ambaye zamani alishuka pale kwa gia ya pili kwa sababu lori halikuwa na namna nyingine, safari hii alianza mteremko kwa gia ya juu. Breki zilipata moto, zikaacha kushika. Dereva alivunjika miguu. Utingo alizikwa siku ya pili yake.

"Watu walisema breki zilifeli," Fundi alimaliza. "Breki hazikufeli, Mwalimu. Zilifanya kazi yote ziliyoundwa kuifanya. Mimi ndiye niliyezitaka zifanye kazi ya gari jingine."

Walikaa kimya kwa muda. Mmoja wao alikuwa amempoteza mjukuu kwa kukosa nguvu, na wa pili alikuwa amempoteza ndugu kwa kukosa kizuizi. Misiba miwili iliyotoka pande mbili zilizopingana ilikutana chini ya mwembe mmoja, na hakuna uliomwambia mwenziwe kwamba si kweli. Mwalimu alisimama, akatoa kofia yake, akaivaa tena. Alisema, "Basi, Fundi, nipe hesabu ya hiyo nusu ya pili."

Gari lilikaa gereji mpaka mwezi wa Agosti. Mwalimu alilipa gari la mtu mwingine kumchukulia kahawa, na faida ya mwaka ule ikawa ndogo kuliko ya miaka yote. Fundi hakuiacha giaboksi ya kale, iliyokuwa na gia nne na meno yaliyokwisha liwa. Aliifunga injini pamoja na giaboksi iliyozaliwa nayo. Alikata na kuchomelea upya vishikio vya injini juu ya chasisi, lakini kwanza aliigonga chasisi kwa nyundo toka mbele hata nyuma, akisikiliza sauti yake kama daktari asikilizavyo kifua, na penye sauti ya uovyo alikata kutu akatia chuma kipya. Rejeta kubwa zaidi ilisogezwa mbele. Ekseli ya nyuma iliondolewa, ikatiwa nyingine nzito zaidi, ya aina iliyoanza kufungwa katika 109 za miaka ya 1970. Springi za mbele ziliongezwa chuma kimoja kila upande.

Katika breki lilitokea jambo lililomfanya Mwalimu acheke kwa mara ya kwanza tangu Machi. Chombo cha kusaidia breki hufanya kazi kwa kuvutwa hewa. Injini ya petroli hujivutia hewa hiyo yenyewe, lakini ya dizeli haina mvuto wa kutosha, kwa hiyo huhitaji pampu ya kuivuta. Injini ile ya Toyota ilikuja na pampu hiyo. Injini iliyoleta hatari ilikuwa imeleta pia kitu cha kuipunguza. Alihitajika tu mtu wa kukitafuta na kukitumia. Mwalimu alisema kwamba hata wanafunzi wakorofi aliowafundisha walikuwa hivyo.

Kulibaki kazi ya karatasi. Kadi ya gari huandikwa nambari ya chasisi, nambari ya injini na ujazo wake, na mwenye kubadili injini yampasa kuandikisha mabadiliko hayo katika mamlaka ya mapato. Mwalimu alifanya hivyo, akakuta kwamba gari lake sasa ni jingine katika mstari mmoja wa kadi na ni lile lile katika mistari mingine. Wanafalsafa wamebishana tangu zamani kama jahazi lililobadilishwa mbao zake zote ni jahazi lile lile. Karani alilimaliza shauri hilo kwa muhuri mmoja.

Siku ya majaribio wanagenzi walitazamia kwamba gari litapelekwa mlimani ili lionyeshe ubingwa wake. Fundi alilipakia magunia kumi ya mchanga, akalipeleka kwenye mteremko. Aliliachia kidogo, akalisimamisha. Akaliachia zaidi, akalisimamisha. Alirudia mara nyingi, akishuka kila mara kupapasa drumu kwa kiganja na kuangalia kama mafuta ya breki yamevuja. Jua lilipoanza kuelekea magharibi ndipo alipomgeukia Mwalimu akamwambia, "Sasa linaweza kupanda." Nalo lilipanda. Lilipanda kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani lililia kwa gia ya kwanza, na Mwalimu, aliyekuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, hakusema neno mpaka walipofika juu.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda, walisema wahenga. Na ubaya wa kitu kipya ni kwamba watu huutazama unyemi wakasahau kidonda. Katika mambo mengi, si ya magari tu, hutafutwa injini kabla ya kutafutwa breki. Kijana hupewa cheo kabla ya kupewa subira. Shule huongezewa wanafunzi mara mbili, walimu wakabaki wale wale. Mtu hupata elimu kubwa ikafungwa juu ya tabia nyembamba, kisha watu wakashangaa kilichokatika. Si kwamba nguvu ni mbaya. Asiye na nguvu husimama katika mlima wa tatu huku mvua ikinyesha, na hakuna hekima inayoweza kumfariji. Lakini nguvu njema ni ile ambayo viungo vyote vya mwenye nayo vimekubali kuibeba, na ya kwanza kukubali iwe ni mkono wa kuizuia.

Injini ya kale haikutupwa. Ilikaa miezi michache chini ya mwembe, kisha Fundi aliisafisha, akaibadilisha ringi za pistoni, akamrudishia Mwalimu. Farasi 62 ni wachache kwa mlima, lakini ni wengi kwa jiwe la kusagia. Mwalimu aliijengea kibanda kando ya nyumba yake, akaiunganisha kwa mkanda na mashine ya kusaga mahindi, na wanawake wa kijiji wakaacha kwenda mbali na debe kichwani. Huko haipandi kitu wala haishuki kitu. Inaunguruma asubuhi hadi adhuhuri kwa sauti yake ile ile ya zamani, na miongoni mwa wanaoingojea na mahindi yao yumo mke wa mwana wa Mwalimu, akiwa na mtoto mgongoni.